Nati Nne za Kiti cha Athuman

Kombi ya Bwana Zahoro ilikuwa imeshatoka uani, magurudumu ya mbele yako barabarani, pale Siti wa nyumba ya pili alipoikimbilia dirishani.

"Mwanaasha, mmewafunga tena watoto kwenye viti kama magunia? Mkifika Iyula mtawashusha kwa winchi?"

Siku nyingine Mwanaasha angemjibu, maana mdomo alikuwa nao. Asubuhi hiyo alitazama mbele tu, akakaza macho kwenye kisogo cha mdogo wake Athuman.

Tunduma nzima walikijua kichekesho cha viti vile. Katika mwaka huo wa sabini na saba, mtoto mdogo akisafiri kwa gari alipakatwa na mama yake, basi, hakuna zaidi. Lakini Bwana Zahoro, kabla ya kufungua duka, aliendesha malori ya kwenda Zambia miaka ile barabara ilipokuwa tope tupu. Siku moja njiani aliona gari dogo limegonga mti. Mama alikuwa mzima, ameketi mahali pake. Mtoto aliyekuwa amempakata hakuwa mapajani tena. Bwana Zahoro hakupenda kueleza zaidi ya hapo.

Aliponunua kombi alimwendea Osea, seremala wa Chapwa, akamwagiza viti viwili vidogo vya mninga, vyenye mikono na mikanda ya turubai. Kila kiti kilisimama nyuma ya dereva kwa bolti nne zilizopenya sakafu ya gari, na nati zake zikakazwa kwa chini. Kazi ya kuvifungua na kuvifunga alipewa Mwanaasha, mwenye miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyeweza kuingia uvunguni mwa gari na spana bila kukwama.

Sasa, Jumamosi, siku moja kabla ya safari hii, viti vilitolewa ili kombi ikabebe mahindi Mpemba. Mwanaasha alifungua nati za kiti cha kwanza, akazitia kwenye kopo la maziwa kama alivyofundishwa. Alipokuwa akimaliza za kiti cha pili, Siti akamwita: wanacheza rede na wamepungukiwa na mtu. Mwanaasha akaziweka nati nne juu ya bampa, akajiambia atarudi sasa hivi, akaenda. Aliporudi, gari lilishaondoka.

Alizitafuta mchangani mpaka magoti yakachubuka. Hakuona hata moja. Hakumwambia mtu.

Jumapili asubuhi baba alikuwa na haraka. Siku zile, kwa ajili ya kubana mafuta, magari ya binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, na Mzee Raphaeli wa Iyula, rafiki yake aliyetoka kuugua, alikuwa anawangoja. Mwanaasha alikifunga barabara kiti cha Stumai, binti wa shangazi yake mwenye miaka minne. Kisha akabaki na kiti cha Athuman na bolti nne zisizo na nati.

Alizitumbukiza bolti katika matundu, vichwa vikaonekana juu vimejipanga vizuri. Chini hapakuwa na kitu. Moyo ukamsuta, akachukua ukanda wa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, akaifunga miguu ya nyuma ya kiti kwenye mguu wa benchi. Mpira huo hubeba gunia zima la mkaa, akajisemea. Akausukumia kapu la mama mbele yake usionekane.

Baba alikuja, akakishika kiti, akakitikisa kushoto na kulia. Kikatulia.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Zote nane?"

"Zote, baba."

Akamfunga Athuman mkanda, akaenda kushika usukani.

Chapwa ikapita, Mpemba ikapita. Athuman, miaka miwili, alikuwa akinguruma kama lori na Stumai akimpigia honi. Mwanaasha na mama yake walikaa kwenye benchi la nyuma. Kila kilomita iliyopita salama, kifua cha Mwanaasha kililegea kidogo. Alianza kuamini kwamba watafika, watakula, watarudi, na kesho atanunua nati nne kimyakimya.

Mbele ya kona moja lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Mwenyewe alikuwa ameweka matawi ya kuonya wenzake, lakini ameyaweka karibu mno. Bwana Zahoro alipoyaona, lori lenyewe lilishajaa kiooni. Akasimama juu ya breki.

Kombi ilisimama bila kugusa chochote. Waliokuwa ndani waliyumba, na kiti cha Stumai kikabaki pale pale na Stumai wake. Kiti cha Athuman kiliinuka kwa nyuma. Mwanaasha aliiona bolti ikitoka tunduni taratibu, au alidhani ni taratibu, kama jino linalong'oka. Mpira ukavutika, ukavutika, na kiti kikaenda kifudifudi na mtoto amefungwa humo, kikagonga chuma cha kiti cha dereva. Halafu mpira ukakirudisha nyuma kwa kishindo.

Ngurumo ya Athuman ya kuigiza lori ilikuwa imekatika.

"Baba Mwanaasha," mama alisema, kwa sauti ndogo ambayo Mwanaasha hakuwahi kuisikia, "huyu mtoto hafumbui macho."

Damu ilitoka kwenye paji ikaingia sikioni. Baba na mama wakainama pamoja, wanahangaika na mkanda, wanaitana. Na hapo ndipo Mwanaasha alipofanya jambo ambalo lilimshtua kuliko yote. Mikono yake mwenyewe, hakuituma, ilishuka nyuma ya kapu, ikaufungua ule mpira, ikautupa dirishani kwenye majani. Alipozinduka, mpira ulishakwenda. Akaitazama mikono kama ya mtu mwingine.

Walikimbia mpaka kituo cha afya cha Vwawa. Athuman alizinduka jua linazama. Alishonwa nyuzi saba kwenye paji, na mtulinga wa bega la kushoto ulikuwa umevunjika. Muuguzi Ketrina, mama wa makamo, aliuliza imekuwaje.

"Seremala," alisema baba. "Osea wa Chapwa. Kiti chake kimeng'oka. Na huyo ndiye tuliyetaka kumpa madawati ya shule yetu. Watoto arobaini waje waangukiwe na mbao zake? Mimi nimo kwenye kamati. Kesho namwona Mwalimu Enoka, kazi hiyo haipati."

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Jumatatu walirudi Tunduma, mama akabaki na mgonjwa. Baba alipitia kwanza kwa Mwalimu Enoka, ndipo akatuma mtu amwite Osea. Seremala alikuja alasiri, mtu mfupi, mkimya, na kisanduku chake cha vifaa.

"Shikamoo," alisema Mwanaasha.

"Marahaba, mwanangu. Bwana Zahoro, pole. Nimesikia ya mtoto."

"Pole zako kaa nazo. Tazama kazi yako."

Osea aliweka kisanduku chini. Alikipindua kiti, akapitisha kidole kwenye matundu ya miguu. Akaingia ndani ya kombi, akaziokota bolti kutoka sakafuni moja moja, akazitazama juani. Halafu akavua shati, akajiburuta uvunguni mwa gari, akakaa humo muda. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mbao haikupasuka," alisema. "Tundu ni zima. Hizi bolti hazikukatika wala hazikupinda. Bwana Zahoro, bolti yenye nati haitoki hivi. Nati ziko wapi?"

"Zimekatika."

"Zote nne?"

"Sasa unataka kusema nini, fundi? Nati alizikaza mwanangu. Nilimuuliza mara mbili. Mwanangu hasemi uongo."

Osea akamtazama Mwanaasha. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kisha akageuka akaanza kurudisha vifaa vyake kisandukuni, polepole, kama mtu aliyezoea kuonewa na asiyetaka ugomvi. Alikuwa ameshalifunga lile sanduku.

"Nati hazikuwepo," alisema Mwanaasha.

"Nini?" aliuliza baba.

"Hazikuwepo. Nilizipoteza Jumamosi. Nilifunga kwa mpira. Na mpira nimeutupa, mlipokuwa mnamhangaikia Athuman." Alisema yote kwa mkupuo, maana alijua akipumzika hatamaliza.

Bwana Zahoro alikaa chini, pale pale mchangani, na kanzu yake safi. Mwanaasha alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilimtisha zaidi.

"Nimemtukana mtu mzima mbele ya watu," baba alisema baadaye, kama anaongea na gurudumu. "Kwa neno lako."

"Na wewe ulikitikisa tu," alisema Osea. "Hukuinama ukatazama chini."

"Kweli. Sikuinama." Akanyanyua uso. "Mwanaasha, njoo hapa. Ungeniambia nati zimepotea, ningekugombeza. Pengine ningekuchapa. Tungechelewa, au tusingeenda kabisa, na Mzee Raphaeli angetungoja Jumapili nyingine. Hilo ndilo ulilokuwa unaliogopa, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi liweke hapa, na mdogo wako umweke hapa, uone kipi kizito. Unapomwambia mtu umekaza, anakuja kumkalisha mtoto juu ya hilo neno. Hana kingine cha kukalia. Kupoteza kitu kutakupata tena, hata ukiwa mzee. Siku hiyo sema umepoteza. Sema mapema, kabla gari halijaondoka."

Jioni hiyo hiyo walikwenda wote watatu kwa Mwalimu Enoka. Baba alitaka kueleza, Mwanaasha akasema ataeleza mwenyewe. Alieleza, hata habari ya mpira. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa Osea mkono. Siku iliyofuata zikanunuliwa nati mpya, na Bwana Zahoro, pamoja na mwili wake mnene ule, alijiingiza uvunguni kukagua.

Athuman alikaa Vwawa siku tisa. Bega lake la kushoto lilibaki limeshuka kidogo, na baadaye alikwenda kuishi Mbeya, akawa fundi cherehani. Stumai alirudishwa kwa wazazi wake Tanga mwaka uliofuata. Osea alitengeneza madawati arobaini, akahamia Mbozi juu kulima kahawa. Mzee Raphaeli alifariki mwaka wa sabini na tisa. Siti aliolewa ng'ambo ya mpaka. Kombi iliuzwa mwaka wa themanini na moja kwa kukosa matairi. Mwanaasha alimaliza darasa la saba, akasomea ukunga, akapangiwa kazi Iringa, akabaki huko.