Kidole cha Mponda Kokoto

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Bibi yake aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, akainua uso. Chiriku alivuta ngozi ya chini ya jicho la kulia, akakiminya kichupa, na tone moja la dawa likadondoka. Kisha Bibi alifumba jicho na kuhesabu hadi sitini, na muda huo wote mjukuu wake alimmwagia habari za mtaa mzima. Ni mdomo huo uliompatia jina la Chiriku. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mama yake hakumwita vingine.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. Presha ya macho ililila polepole, na Bibi alipofika hospitali maji yalikuwa yamezidi unga. Daktari alisema la kulia lingeokoka kwa masharti mawili: dawa kila siku bila kuruka, na kupimwa kila baada ya wiki mbili. Siku ya kupimwa ndiyo siku ya kupewa kichupa kipya. Asiyepimwa hakupewa.

Hospitali ilikuwa mwisho wa njia ya basi, upande wa pili wa mji. Wazee walipanda mabasi ya halmashauri kwa kadi ya karatasi yenye muhuri. Konda aliitazama, akatikisa kichwa, mzee akaketi. Kadi ya Bibi ilikuwa imelegea kama kitambaa kwa kukunjwa, lakini konda alimfahamu na wakati mwingine hakuiangalia kabisa.

Halafu likabandikwa tangazo kwamba kadi za karatasi zinakoma, kwa sababu watu walikuwa wakizighushi. Makonda waliondolewa. Badala yao iliwekwa mashine mlangoni: abiria anaweka kidole gumba, taa ya kijani inawaka, kizuizi kinafunguka, na nauli ya mkononi haipokelewi tena. Waliochagua mashine hiyo waliijaribu kwa vidole vyao wenyewe, vidole vya kushika kalamu, ikawakubali wote. Wakaridhika, wakaagiza mia mbili.

Hakuna aliyemkumbuka mtu kama Bibi. Alikuwa ameponda kokoto miaka ishirini na minane, jiwe mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, na mawe yalikuwa yamemsugua vidole mpaka mistari yote ikafutika. Ncha za vidole vyake zilikuwa telezi na ngumu kama kwato.

Siku ya kuandikishwa ilikuwa wakati wa likizo, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyempeleka ofisi ya kata. Foleni ilianzia mlangoni ikazunguka jengo. Karani alikuwa kijana mmoja tu, jasho linamtiririka, na mezani alikuwa na kompyuta na kijisanduku chenye kioo. Bibi akaweka kidole gumba. Taa ikawa nyekundu. Akajaribu kingine, nyekundu. Karani alimfutia vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akambonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, na taa ikabaki nyekundu. Walio nyuma wakaanza kuguna. Mmoja akauliza kama bibi huyu alikuwa mtu au sanamu, na wengine wakacheka.

Karani akamwambia Bibi kwa upole kwamba ingebidi aandike kuwa mashine imemkataa, kisha wasubiri maelekezo kutoka juu. Maelekezo yangekuja lini, hakujua. Chiriku akahesabu siku: Bibi alitakiwa hospitali keshokutwa. Wakati huohuo simu ya karani ikaita, akageuka kuipokea.

Kijisanduku kilikuwa upande wa jicho la Bibi lililokufa. Chiriku akapitisha mkono chini ya mkono wa Bibi, akaweka kidole gumba chake mwenyewe kwenye kioo. Taa ikawa kijani.

"Kumbe kimekubali," karani alisema aliporudi, akashusha pumzi. Akabonyeza, akaita anayefuata. Bibi alifurahi. Chiriku naye alifurahi, tena alijiona mjanja kuliko foleni nzima.

Siku zote zilizobaki za likizo, ujanja huo ulifanya kazi. Walipanda pamoja, kwa kuwa watoto walikuwa bado hawajaandikishwa na walipita na wakubwa wao, Bibi akimshika Chiriku begani, na Chiriku akiweka kidole kwenye mashine huku akipiga soga ili Bibi asiangalie. Hakuwa amefikiria kwamba likizo huisha.

Shule ilipofunguliwa, Bibi alienda kituoni peke yake. Aliweka kidole, mashine ikalia vibaya, kizuizi kikagoma. Dereva, aliyefungiwa kwenye kibanda chake cha kioo, alimwambia asingeweza kumsaidia. "Mimi sina kitufe cha kufungua, mama. Mashine ndiyo inafungua." Abiria wakamwomba apishe, naye akashuka.

Jioni alimsimulia Chiriku yote, na akamkataza kumwambia mama yake. Mama alishona nguo kiwandani. Aliondoka kabla ya jua kuchomoza, na msimamizi wake alikuwa amewafukuza wawili kwa kuomba ruhusa. Pikipiki Bibi hakuweza kuipanda, nyonga yake haikuruhusu. "Usimtie presha mama yako," alisema. "Labda siku hiyo mashine ilikuwa mbovu. Nitajaribu tena."

Hapo ndipo Chiriku alipaswa kusema.  Alifikiria karani, alifikiria polisi, alifikiria uso wa mama yake, akaenda kuosha vyombo.

Bibi alijaribu tena, na tena. Baada ya majuma matatu kichupa kiliisha. Asubuhi Bibi aliketi kwenye kigoda kama kawaida, akainua uso, na Chiriku akaminya kichupa kikatoa hewa tu.

"Limeingia?" Bibi aliuliza.

"Limeingia," Chiriku akajibu.

Bibi akafumba jicho, akahesabu hadi sitini. Chumba kilikuwa kimya. Alipomaliza aliuliza kwa nini siku hizi Chiriku halii, na mjukuu wake akasema ana mafua. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata pia. Bibi akaanza kupapasa ukuta akienda msalani, akajigonga kwenye kona ya meza aliyoizunguka miaka kumi.

Juma la sita, karani yuleyule aliletwa shuleni pamoja na kijisanduku chake, kwa kuwa sasa wanafunzi nao wangepanda basi kwa kidole. Darasa lilijipanga. Zamu ya Chiriku ilipofika, mashine ilifikiri kidogo, kisha karani akakunja uso na kuita mwalimu. Kwenye kompyuta, mwenye kidole hicho alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja.

Darasa zima likaangua kicheko. "Shikamoo, bibi," mmoja alimwambia, wengine wakaidaka. Chiriku aliangua kilio hadi wakanyamaza. Mwalimu wa darasa alimtoa nje, akamkalisha kwenye ngazi, akangoja. Na pale Chiriku akasema yote, tangu foleni hadi kichupa kitupu. Mwalimu alipiga simu kiwandani palepale.

Siku hiyohiyo walikuwa ofisi ya kata: mama akiwa bado na uzi kwenye mikono ya blauzi, Bibi, mwalimu na Chiriku. Msimamizi wa usajili, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, alisikiliza bila kumkatiza mtu. Kisha akafungua kompyuta, akawasomea ripoti ya kata yao. Wazee mia tatu na kumi waliandikishwa. Waliokataliwa na mashine: hakuna hata mmoja.

"Kata ya jirani waliandika kumi na tisa," alisema. "Tukawapelekea kadi za picha ndani ya siku nne. Huku tuliona sifuri, tukapongezana."

Mama hakumpiga Chiriku. Alimtazama tu, na mtazamo huo ulimuuma zaidi. Kisha akamgeukia msimamizi, akamwambia kwamba mtoto amekosa, sawa, lakini mtu mzima akiona sifuri katika kata yenye machimbo ya kokoto, ilimpasa ashangae. Msimamizi akainamisha kichwa. Alikubali kwamba walipaswa kwenda kuangalia. Wiki ile ofisi ilipita nyumba kwa nyumba, na wakapatikana wazee ishirini na watatu walioandikishwa kwa vidole vya wajukuu, wapangaji na majirani. Wengi wao walikuwa wameacha kutoka nyumbani.

Bibi alipelekwa hospitali siku ileile kwa gari la mwalimu. Daktari alipima, akapima tena. Alisema presha itashushwa, lakini kilicholiwa hakirudi. Bibi angeweza kutofautisha mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni angeona kivuli chake. Zaidi ya hapo, basi.

Kadi mpya ililetwa baada ya siku nne, ngumu, yenye picha aliyopigwa siku ile ofisini na mstari mwekundu. Kila basi lilirudishiwa mhudumu mmoja wa kuwafungulia wenye kadi hizo. Chiriku alimwekea Bibi kadi mkononi, kisha akapiga magoti mbele ya kigoda na kuomba msamaha, machozi yakimdondokea magotini.

Bibi alimpapasa kichwa mpaka akalipata shavu.

"Nimekusamehe, na wewe ulitaka kunisaidia, najua," alisema. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mashine iliposema hainijui, ilikuwa inasema kweli. Wewe ndiye uliyeifundisha uongo, na wakubwa wakauamini kwa sababu uliwapendeza. Kitu kikigoma, sema kimegoma. Ukinyamaza, aliyekitengeneza analala usingizi, na anayeumia ni mwingine. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ungesema siku ile ya kwanza, leo ningekuona unavyolia."

 Bibi akapitisha kidole chake kisicho na mistari juu ya kadi.

"Haya, niambie. Picha imetokaje?"

Chiriku alifuta macho, akaitazama. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba Bibi amependeza. Akalirudisha.

"Kitambaa kimekaa upande, Bibi," alisema. "Umenuna. Na jicho la kulia umelifumbua sana, kama unamtafuta mtu."

"Nilikuwa nakutafuta wewe," Bibi alisema. Kisha akainua uso, na Chiriku akachukua kichupa kipya.