Kiti cha Cheche na Mkono wa Penseli

Kipigo cha kwanza kilikuwa cha bahati mbaya. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye foleni ya ofisi ya usajili wa ubunifu, watu wamebanana hadi mlangoni. Kibaka akapenyeza mkono kwenye begi la mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu yenye matundu ya moto. Mwanamke huyo, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, hakupiga kelele. Alinyanyua kiti cha chuma alichokuja nacho, akageuka, akashusha. Kibaka akainama. Kiti kikatua kwenye paji la uso la kijana aliyekuwa nyuma yake, shati jeupe limenyooshwa vizuri, penseli sikioni.

Damu ilishuka hadi kwenye kola. Cheche alimfuta kwa leso yake, akimwomba radhi na kumlaumu papo hapo kwa kusimama karibu mno.

"Kiti chenyewe kizuri," kijana akasema, bado amekaa sakafuni. "Kinajikunja chote kwa mara moja. Umekibuni mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na wewe unaangalia kiti wakati unavuja damu?"

"Ndiyo kazi yangu, dada."

Kazi yake ilikuwa kuchora. Wenzake katika ofisi ya wakala wa usajili walimwita Penseli. Alichora bidhaa za watu kwa michoro saba, kila upande na mmoja wa mshazari, ili muundo wake ulindwe. Siku ileile alimchorea Cheche kiti chake na ombi la ulinzi wa hapa nchini likapigwa muhuri. Akamweleza kwamba sasa ana miezi sita ya kuomba ulinzi nchi za nje, na huko tarehe ya leo ndiyo itakayohesabiwa. Ikipita hata siku moja, na kiti kimeshaonekana na watu, huko nje hakitakuwa kipya tena, na yeyote atakiiga atakavyo.

Walichagua nchi tatu. Kabla hata hawajamaliza kuchagua, walikuwa wameshapendana.

"Umekula, Penseli wangu?" Cheche aliuliza kila mchana kwenye simu.

"Bado. Nachora miguu yako."

"Miguu yangu?"

"Ya kiti, mama. Yako naijua kwa kichwa."

Kovu la paji la uso Penseli alilionyesha kwa wageni akijidai. Cheche alipomzaba kofi muuza vyuma, Penseli alicheka hadi machozi. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simfichi. Alidhani hasira ile ina ukuta, na kwamba yeye anakaa upande wa ndani.

Siku ya mwisho ya miezi sita ilifika ukiwa umebaki mchoro mmoja. Ule wa upande wa chini ulikuwa umekataliwa na mawakala wa nje kwa sababu mguu haukulingana na mchoro wa pembeni. Asubuhi hiyo wanaume watatu wenye nyundo waliingia karakana ya Cheche, wametumwa na mwenye kiwanda cha samani aliyetaka kukiiga kiti chake. Walivunja viti vyote. Walimpiga kaka yake mkubwa hadi akazirai kando ya mtungi wa gesi. Cheche alishika nondo, akamvunja mmoja goti, wenzake wakakimbia. Yule aliyebaki chini akatoa simu yenye picha ya kile kiti.

"Muulize mchoraji wako tumeipata wapi," akasema huku anatema damu.

Majirani walimbeba kaka kumpeleka hospitali. Cheche alipaswa kuwafuata. Badala yake alikwenda ofisini kwa Penseli, nondo mkononi.

Penseli alikuwa na shati la njano alilonunuliwa na Cheche. Mezani pake zilikuwa fomu za nchi tatu, na kwenye kila moja Cheche aliliona jina la Penseli. Hakusoma zaidi.

"Umeniuza," akasema.

"Mpenzi, soma juu ya hapo." Penseli akainua mkono wa kulia kumwonyesha.

Nondo ikaushukia. Mfupa ulisikika ukivunjika, na Penseli akaanguka na kiti chake.

Simu ya Cheche ikaita. Alikuwa kaka yake, amezinduka, anaongea kwa midomo iliyovimba. "Mdogo wangu, majirani wameniambia umetoka na nondo. Usimguse mtu. Ile picha niliiweka mimi mtandaoni mwezi uliopita. Nilitaka watu wajue wewe ni fundi."

Cheche akaiokota fomu. Jina la Penseli lilikuwa kwenye nafasi ya mwakilishi. Juu yake, kwenye nafasi ya mwenye haki, lilikuwa la Cheche, kamili, kwa herufi kubwa. Akapiga magoti akalia kwa sauti.

"Saa ngapi?" Penseli akauliza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Saa saba. Twende hospitali, nakuomba."

"Maombi yanafungwa saa kumi. Funga mkono wangu na rula, kisha kaa uchore."

Akachora. Penseli alielekeza. "Usikandamize. Hapo kwenye bawaba, mstari mwembamba zaidi." Saa tisa na nusu maombi yakaenda, na risiti ikarudi na tarehe ya siku hiyo.

Hospitalini, plasta ikiwa bado mbichi, Cheche alimwambia kila alichonacho moyoni. "Nitakuuguza. Nondo sitaishika tena. Nioe hata leo."

"Nakupenda, Cheche. Hilo sitakudanganya."

"Basi?"

"Mara ya kwanza ulinipiga hunijui. Leo ulikuwa unanijua."

Baada ya miezi mingi vyeti vya nchi zote tatu vilifika. Michoro sita ilikuwa ya mkono wa Penseli, wa saba wa Cheche. Alimpigia simu mchana, saa ileile ya zamani.

"Hongera, fundi," Penseli akasema.

Cheche alisubiri neno jingine. Alisikia penseli ikikwaruza karatasi, polepole, kama ya mtu anayejifunza kuandika.