Mlango wa Mbele wa Akina Gaither

Siku Hollis Gaither alipouawa, mkewe Verdell alikuwa jikoni akikoroga uji wa mahindi. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Hollis alikuwa kitandani, akimtania kutoka chumbani.

"Mke wangu, leo usiupike mzito. Wa jana niliutafuna kama nyama."

"Meno ndiyo yamechoka, si uji," Verdell alijibu.

Hapo mlango wa mbele ukavunjwa.

Katika kaunti ya Tallow, kusini mwa Marekani, mtu anayekufahamu hapiti mlango wa mbele. Ndugu, jirani, mchungaji, wote huzunguka nyuma na kuingia kwa jikoni. Mlango wa mbele wa akina Gaither ulikuwa haujafunguliwa tangu msiba wa mama yake Hollis. Nyuma yake kulikaa kiti na maua ya plastiki. Kwa hiyo Hollis aliposikia mbao zikipasuka upande ule, alijua jambo moja tu: huyo si mtu wetu. Akashika bunduki yake ya kuwindia, iliyokuwa kando ya kitanda.

Verdell alisikia watu wengi wakipayuka kwa pamoja. Hakushika hata neno moja. Kisha akasikia risasi, na Hollis akianguka sakafuni. Alipolazwa sakafuni ndipo alipoona neno "Polisi" mgongoni mwa mmoja wao.

Walikuwa wakimtafuta kijana wa nyumba ya pili, aliyesemekana kuuza dawa za kulevya. Masanduku ya barua ya nyumba zote mbili yalipigiliwa kwenye nguzo moja, upande wa akina Gaither, ili kumpunguzia tarishi kazi. Askari walisoma namba kwenye nguzo. Wakaingia nyumba iliyokuwa karibu nayo.

Baada ya mazishi, binti yao Keziah alirudi kuishi na mama yake. Asubuhi moja Verdell alitandika kitanda cha binti yake, akakuta bastola chini ya mto.

"Hii nini, Keziah?"

"Unaona ni nini, mama. Wakirudi, hawatanikuta nimelala."

Verdell alikaa kitandani. Alimwona Hollis tena pale sakafuni, halafu akamwona Keziah mahali palepale.

Jioni Bi Odessa Pruitt aliingia kwa jikoni na keki ya viazi vitamu. Ni jirani yao, na kazi yake ni kupokea simu za dharura za kaunti. Verdell hakungoja hata keki ikatwe.

"Bi Odessa, hebu nieleze. Wakili anasema Hollis alikuwa na haki ya kulinda nyumba yake. Polisi nao wanasema walikuwa na hati ya hakimu ya kupekua, na askari akielekezewa bunduki ana haki ya kupiga. Kila mtu ana haki, na mume wangu yuko kaburini. Nani alikosea?"

"Hilo siwezi kulijibu, dada. Kwa kawaida askari hubisha, hujitaja, hungoja kidogo. Lakini hakimu anaweza kuwaruhusu wasibishe, wakihofia kushambuliwa au ushahidi kuharibiwa. Kuna miji imekataza. Kwetu bado."

"Kwa hiyo niitupe bastola yangu, nilale mikono mitupu?" Keziah aliuliza. "Wakija wezi, niwakaribishe keki?"

"Si keki yangu," Bi Odessa alisema. "Baba yako alikuwa mwindaji hodari. Alijua kulenga. Asubuhi ile alijua anamlenga nani?"

Keziah alichukua kisu, akaanza kuikata keki. Bi Odessa akaendelea.

"Bastola itie kwenye sanduku la kufuli. Ukisikia kishindo, mchukue mama, mjifungie chumba cha nyuma. Piga 911, namba yetu ya dharura, taja nyumba yenu, uliza: kuna askari kwangu? Sisi tunaweza kuwauliza kwa redio. Wakiwa wezi, tutawatuma askari. Wakiwa askari, weka simu chini, inua mikono, vidole wazi. Usiwazuie kwa nguvu, hata kama wamekosea nyumba. Sema kwa mdomo kwamba hukubali upekuzi. Omba kuiona hati. Yaliyobaki ni ya mahakamani."

"Na wasiponipa nafasi hata ya kushika simu?"

Bi Odessa aliisogeza keki kando.

"Basi haya yote hayatakusaidia. Ndiyo maana twende baraza la kaunti. Wenye kuvunja mlango nao wana la kujifunza. Wahakikishe nyumba. Wabishe."

Keziah alinunua sanduku la kufuli. Aling'oa sanduku lao la barua kwenye ile nguzo, akalisimamishia nguzo yake lenyewe. Verdell aliondoa kiti na maua, akapaka namba kubwa nyeupe juu ya mlango mpya wa mbele.

Siku moja mchana mlango huo uligongwa kwa kishindo. Keziah aligeuka kulitazama sanduku la bastola. Verdell akamshika mkono, wakajifungia chumba cha nyuma, wakapiga simu. Sauti ya Bi Odessa ikajibu.

"Ngoja niulize. Ndiyo, ni askari, wawili. Wana maswali tu. Nimewaambia mnatoka, mikono mitupu."

Verdell alifungua mlango, viganja wazi. Askari alikuwa kijana, jasho limemtoka.

"Samahani, mama. Tunamtafuta jirani yako. Hii siyo nyumba yenyewe?"

"Siyo," Verdell alisema. "Tazama juu ya kichwa chako."

Askari alitazama. Akavua kofia, akaomba radhi tena, wakaondoka. Jioni ile Keziah alikuwa hai, akila.

Verdell bado hajui nani alikosea. Asubuhi hupika uji wa watu wawili, mwepesi. Baraza walilolipelekea ombi lao litapiga kura mwezi ujao. Mpaka hapo, askari wa kaunti ya Tallow wanaweza kuruhusiwa na hakimu kuingia bila kubisha.