Safu Moja ya Makumbi

Kila siku akirudi kutoka shule, Mwanarusi alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo haikujua Jumamosi wala Jumapili. Alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaenda nyuma ya nyumba kwenye rundo la makumbi, yale maganda mazito ya nje ya nazi. Aliyachana vipande, akayaanika juani, na yaliyokwisha kukauka akayapandisha kwenye uchaga uliojengwa juu ya mafiga jikoni. Huko juu yalipata moshi wa kila siku, yakakauka hata yakawa yanashika moto kwa cheche moja tu.

Nyumba yao ilikuwa Mtongwe, upande wa Likoni, na mwaka huo, miaka miwili kabla ya uhuru, maisha yalikuwa magumu. Rashid, baba yake Mwanarusi, alikuwa kibarua bandarini. Meli zilipopungua, vibarua navyo vilipungua, na siku nyingi alivuka feri asubuhi akarudi adhuhuri mikono mitupu. Hata hivyo, hakuna aliyelala na njaa nyumbani kwake, na wa kushukuriwa alikuwa mkewe, Mwanakheri.

Mwanakheri alikuwa mtu wa kuweka. Kitu hakikutupwa nyumbani mwake kabla hakijafanya kazi mara mbili. Nazi ilikamuliwa tui la kwanza, la pili na la tatu, kisha chicha wakapewa kuku. Vipande vya sabuni vilivyolika vilibanwa pamoja vikawa kipande kizima. Muhogo uliozidi ulikatwakatwa, ukaanikwa, ukawa makopa. Na kila alipopima mchele wa kupika, alirudisha konzi moja mtungini, hata kama mchele wenyewe ulikuwa wa kubabaisha. Majirani walimtania wakamwita Bi Akiba, naye akacheka nao. Lakini hao hao waliomtania, chumvi ikiwaishia usiku, mlango waliobisha ni wake.

Basi mwaka huo huo wa shida ikaja furaha. Mwanasaumu, mdogo wake Mwanakheri, aliposwa na kijana wa Kisauni aitwaye Ishaka. Ishaka alikuwa akifanya kazi Tanga, na likizo aliyopewa ilikuwa fupi mno. Harusi ikapangwa iwe nyumbani kwa Mwanakheri siku ya Ijumaa, na ilikuwa lazima iwe Ijumaa hiyo, kwa sababu Jumamosi bwana harusi alitakiwa kusafiri na mkewe. Wazee wakasoma Fatiha, mambo yakaiva.

Mtongwe ikachangamka. Jirani yao Bi Dhahabu, mama mwenye sauti ya kusikika hata ng'ambo, aliwakusanya wanawake na wasichana uani kwake kila alasiri kujifunza vugo. Vugo ni pembe za nyati zinazopigwa kwa vijiti, wanawake wakiandamana njiani na kuimba mbele ya harusi. Mwanarusi alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kushika pembe hata siku moja. Bi Dhahabu alipompa pembe moja iwe yake, furaha ilimjaa mpaka usiku ule hakupata usingizi.

Tatizo ni kwamba alasiri ni moja tu. Siku ya kwanza Mwanarusi alijiambia kwamba makumbi atayafanya kesho, tena maradufu. Kesho yake akasema kesho kutwa. Huku yeye akiahirisha, mama yake alikuwa akipika kila siku, na uchaga ukawa unapungua. Mwanarusi akatafuta dawa, na dawa aliyoipata ilikuwa ya mjanja mvivu. Aliyachukua makumbi yaliyobaki akayapanga safu moja ukingoni mwa uchaga, yakabanana vizuri mpaka karibu na makuti ya paa. Ukitazama kutoka chini, ungesema uchaga umefura. Nyuma ya safu ile palikuwa na hewa na utando wa buibui. Kwa mapishi ya kila siku alichomoa moja moja, akayatanua yaliyobaki kuziba pengo.

Mama yake hakugundua. Kupandisha na kushusha makumbi ilikuwa kazi ya binti, naye alikuwa akimwamini bintiye.

Jumatatu ya wiki ya harusi, mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kunyesha ikaondoka. Ilimwagika mchana na usiku, vijia vikawa mito, na kuni zote zilizokuwa nje zikalowa chapa. Hata muuza kuni wa karibu na feri alifunga banda lake, maana kuni zake zilikuwa zikitoa maji zaidi ya moshi. Wanawake wa mtaa wakakutana nyumbani kwa Mwanakheri, nyuso zimekunjamana. Watapikaje pilau ya harusi nzima bila moto? Mwanakheri akawatuliza. Mchele anao, tangu lini anaweka konzi zake. Wao walete nyama na viungo.

"Na moto ni juu yangu," akasema, akionyesha uchaga kwa kidole. "Hayo makumbi mnayoyaona yatapika pilau na chai yake."

Wakamwombea dua, wakarudi makwao mioyo imetulia, na hakuna aliyehangaika tena kutafuta kuni. Mwanarusi alikuwa amesimama mlangoni, pembe yake mkononi.

Jumanne aliomba jua litoke. Jumatano akaomba tena. Alfajiri ya Alhamisi aliamka mapema kuliko jogoo, akachungulia nje, akakuta mvua ile ile. Siku nzima shuleni hakusikia neno la mwalimu. Kesho alfajiri masufuria yangepangwa mafigani, mama angemwambia ashushe makumbi, na hapo mbele ya mtaa mzima ingejulikana. Wageni wangevuka feri kutoka Kisauni waje wakute mchele mbichi, na aibu hiyo ingemkalia mama mdogo Mwanasaumu siku ya harusi yake. Mwanarusi alirudi nyumbani akikimbia kwenye matope, akamkuta mama yake jikoni akikuna nazi.

"Mama," akasema, "uchaga hauna kitu. Ni safu ya mbele tu."

Mwanakheri alimtazama kama hakusikia. Kisha akapanda juu ya kibao, akanyoosha mkono, akasukuma. Safu nzima ikaangukia ndani kwa kishindo kidogo, na vumbi likamwagika. Alishuka polepole akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopewa pembe."

Mwanarusi alingoja kofi, na kwa kweli alilitaka, lipite liishe. Kofi halikuja. Mama yake alimgeukia.

"Mimi niliwaambia watu moto ni juu yangu. Sasa nani atakwenda kuwaambia moto haupo?"

"Nitakwenda mimi," Mwanarusi akasema, na machozi yakamtoka.

Akachukua pembe yake ili watu wamsikie katika kelele za mvua, akajifunika gunia kichwani, akatoka. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Dhahabu, na ndio aliouogopa zaidi. Alipiga pembe, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema yote bila kupinda: kwamba aliacha kazi yake kwa ajili ya vugo, kwamba alipanga safu ya uongo, na kwamba harusi haina moto. Bi Dhahabu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Umefanya vibaya, na hilo tutalizungumza siku nyingine. Lakini nami nina makumbi yangu chini ya kitanda, na jana nilitaka kuyaleta nikasema ya nini, Bi Akiba anayo ya kutosha. Wallahi, sote tumelala."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha makumbi kilichofunikwa kwa kipande cha mkeka, na pembe yake kwapani. Wakaenda wote wawili mlango wa pili, sasa pembe zikiitikiana. Huko aliishi Jumwa, mama wa Kigiriama aliyeuza mboga sokoni. Jumwa alisikia habari, akaguna, akaingiza mkono uvunguni akavuta kinu chake kilichopasuka, kikavu kama mfupa. Alikuwa amekihifadhi akingoja mumewe akigeuze kigoda. Akamwita mumewe akipasue kwa shoka papo hapo.

Kuanzia hapo mambo yakashika kasi. Nyumba hii ilitoa mguu wa kitanda kibovu, ile ikatoa vifuu vya nazi, nyingine ikatoa mlango wa banda la kuku ambalo halina kuku tena. Kikongwe mmoja alikuwa na makumbi mawili tu, akayatoa yote mawili na kusisitiza yahesabiwe. Kila mlango uliofunguka ulitoa mtu na pembe au mtu na mzigo, na watoto wakafuata nyuma wakipiga makopo. Vugo iliyopangwa Ijumaa ikawa imeanza Alhamisi, ndani ya mvua, na mizigo ya kuni imefunikwa mikeka vizuri kuliko vichwa vya watu. Waliimba wakicheka, matope mpaka magotini. Mwanarusi alikuwa mbele yao wote, ameloa, anapiga pembe kwa nguvu zake zote, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi kifua chake kimefunguka. Baba yake alitoka barazani kupokea mizigo, akaitazama ile foleni akatikisa kichwa.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," akasema, akaanza kupanga kuni ndani.

Alfajiri moto ukawashwa. Sufuria ya kwanza ya pilau iliiva vizuri, lakini ilikula kuni kupita kiasi, na zilikuwa zimebaki sufuria mbili. Wanawake wakatazamana. Rundo halikutosha, kila mtu aliliona. Hapo Mwanakheri akaagiza magunia makavu na blanketi kuukuu. Sufuria ya pili ilipochemka, na mchele ukaanza kunywa maji yake, aliamuru ishushwe haraka, mfuniko ukazwe, na sufuria nzima ifungwe magunia na blanketi kama mtoto mchanga. Moto ukahamia sufuria ya tatu.

"Utatulisha mchele mbichi leo," Jumwa akamtania.

"Ngoja," Mwanakheri akasema.

Wakangoja. Mwanarusi alikaa karibu na lile furushi, akiweka kiganja juu yake kuona kama lingali na moto. Saa ya wageni ikakaribia, na watoto waliotumwa njiani wakarudi mbio wakisema feri imetia nanga na watu wa Kisauni wanashuka. Bi Dhahabu akapanga wanawake wake mlangoni. Mwanakheri akafungua blanketi, akafungua magunia, akainua mfuniko. Mvuke ukapanda na harufu ya bizari na mdalasini ikajaa jikoni, na punje zimesimama moja moja. Jumwa alichota kidogo akaonja, akachota tena.

Pembe zikalia, vigelegele vikapasuka, na bwana harusi akaingia na jamaa zake, kanzu zimelowa, wakakaribishwa pilau ya moto. Hakuna mgeni aliyejua kwamba alikula pilau iliyopikwa kwa kinu, kitanda na mlango wa banda la kuku. Mwanasaumu alipoambiwa baadaye alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Jumapili jua likatoka. Mwanakheri alimwita bintiye, naye akaitika abee, akaja akiinamisha kichwa kwa sababu alijua zamu yake imefika. Mama alimketisha karibu naye kwenye mkeka.

"Kila nyumba iliyotupa kuni utairudishia makumbi makavu," akamwambia, "na utaanza na yule kikongwe. Utayachana mwenyewe, utayaanika mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yako, na hakuna wa kukusaidia."

"Ndiyo, mama."

"Nami pia nina kosa langu. Nilipenda kuitwa Bi Akiba. Nikalisikiliza jina, nisipande kutazama. Akiba ni kazi ya kila siku, mwanangu, na ni ya kuangaliwa kila siku. Ukiacha siku moja, shida haikupigii hodi kukuuliza kama umejiandaa. Lakini liko jambo jingine nataka ulishike." Akamwinua kidevu wakatazamana. "Ungenyamaza mpaka Ijumaa, tungelia wote na masufuria yetu. Ulinipa jioni moja, na jioni ile ilitosha. Pilau ya Mwanasaumu ilipikwa na kweli yako ya Alhamisi."