Baba Aliniuliza "Unasikia Nini?" Nikamdanganya

"Unasikia nini?"

Baba aliniuliza hivyo akiwa kwenye usukani, gari likiwa kwenye mwendo wa sitini, na huku nyuma linalia nyiiiii kama mbu aliyeingia sikioni.

Nikamwangalia usoni...

"Sisikii kitu, baba. Gari liko kimya."

Kaka yangu, aliyekaa kiti cha nyuma, akacheka chinichini.

Najua mtanitukana kwenye maoni. Tukaneni tu, mimi nimeshajitukana zaidi yenu. Ila someni mpaka mwisho, maana ubaya wenyewe bado sijaufikia.

Mimi ni fundi wa difu na giaboksi. Ndiyo, mwanamke. Nilifanya kazi miaka minane kwenye gereji ya baba, na watu walikuwa wanamwita Mzee Sikio. Mleteeni gari lolote linalolia, anaendesha mara moja tu, akishuka anakwambia ugonjwa.

Mnajua alivyokuwa anafanya?

Ananiweka kiti cha pembeni. Tunatoka barabarani. Ananiuliza, "Unasikia nini?"

Mimi nasema, "Linalia ukikanyaga mafuta, ukiachia linanyamaza."

Tunarudi, anashuka, anamwambia mteja, "Difu hiyo."

Mteja anapiga makofi. "Mzee, masikio yako ni dhahabu!"

Na mimi nimesimama pale na kitambaa cha oili mkononi. Sitajwi.

Siku moja nikamwambia, "Baba, waambie basi kwamba na mimi ni fundi."

Akaniangalia. "Bado, mwanangu. Sikio lako bado."

Miaka minane, bado!

Kaka yangu hajawahi kushika spana akamaliza kazi. Yeye ni mtu wa mapokezi na simu. Lakini gereji alikuwa anaitaka kufa na kupona. Akanijia na maneno matamu.

"Mzee kachoka. Tukimtoa, wewe ndiye fundi mkuu. Nitaandika getini kabisa."

"Tutamtoaje?"

"Akose gari moja tu. Mbele ya watu."

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Kulikuwa na gari la Mwalimu, mama mmoja mpole, kalileta tubadilishe breki. Gari lenyewe limeungwaungwa: injini ya gari jingine, giaboksi ya jingine, difu ya jingine kabisa. Gari kama hilo likianza kulia, utatafuta mpaka uote mvi. Lakini lilikuwa halilii.

Nilililiza mimi.

Niwaeleze kidogo. Ndani ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, kuna gurudumu kubwa la meno, krauni, na dogo lake, pinioni. Hivi viwili hutengenezwa pamoja, vinasagwa pamoja kiwandani, na vinagongwa namba moja. Ukichukua krauni ya huku na pinioni ya kule, zitazunguka, ila zitalia mpaka meno yaishe.

Baba alikwenda kliniki asubuhi ile. Alikuwa anakwenda kila mwezi, sisi tulijua ni presha. Nikaingia chini ya gari la Mwalimu, nikatoa krauni yake, nikafunga nyingine kutoka kwenye difu mbovu ya stoo.

Sasa mimi nina tabia yangu. Kila bolti nikishaikaza mara ya mwisho, naipaka tone la rangi ya kucha, ya njano. Nakaa nayo kwenye mfuko wa ovaroli. Ukiona njano, ujue nimemaliza hapo. Hakuna fundi mwingine pale anayefanya hivyo, wananicheka kila siku.

Bolti za nje niliziacha bila rangi. Mjanja sana, si ndiyo?

Baba aliporudi, kaka alikuwa ameshamwita baba mdogo na wateja wanne. Wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wamekuja harusini.

"Mzee," kaka akasema kwa sauti, "watu wanasema umekwisha. Gari la Mwalimu linalia. Tafuta mlio. Ukiukosa, nipe funguo za gereji ukapumzike nyumbani."

Baba mdogo akajaribu kumkanya. "Huyo ni baba yako, ongea kwa adabu."

"Naongea na fundi, siongei na baba."

Baba akafuta mikono. "Sawa," akasema.

Basi ndiyo tukawa barabarani. Ndiyo nikamwambia gari liko kimya.

Alinitazama mdomoni, siyo machoni. "Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

Akasimamisha gari. Akavua kiatu cha kulia, akavua na soksi. Kaka akacheka kwa sauti sasa.

"Mzee, tunatafuta mlio, hatuendi kuoga."

Baba aliweka mguu mtupu kwenye sakafu ya gari, kama anayepima mtetemo, akaendesha tena. Akakanyaga, akaachia. Akabadilisha gia, akakanyaga, akaachia. Akaweka gia huru akaipandisha injini. Kiganja chake kimelala kwenye kiti, kimetulia, kinasubiri.



Tuliporudi akaliingiza gari ndani. Akapandisha nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akamwaga oili, akafungua kifuniko cha difu. Akaingiza tochi.

Na mimi ndipo nikakumbuka...

Bolti za krauni. Za ndani! Mkono wangu ulishazoea, ulipaka wenyewe. Kumi zote, njano, zinang'aa kwenye oili.

Baba aliinama pale muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umeziba kila kitu, hakuna aliyeona ila yeye. Nikasubiri jina langu.

Akarudisha kifuniko. Akakaza bolti moja moja kwa mkono wake. Akasimama, magoti yakalia.

"Nimeshindwa," akasema. "Sijaona kitu."

Akatoa funguo kiunoni, akampa kaka.

Kaka akazirusha juu akazidaka. "Mmesikia wenyewe. Mzee, hiyo stuli unayokalia nitakutolea nje, njiani inatukwaza."

Na kweli aliitoa. Ilitua kwenye matope, mguu mmoja ukavunjika.

Baba alipopita karibu yangu alisimama. Akasema taratibu, mimi tu nisikie:

"Mrudishie Mwalimu krauni yake kabla hajaja. Anabeba watoto kwenye lile gari."

Kisha akasema, "Rangi yako nzuri. Haitoki hata kwenye oili."

Nilirudisha krauni huku nalia. Mwalimu alikuja jioni, akanishukuru, akaniita fundi. Ndiyo mara ya kwanza mteja kuniita hivyo.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mama jikoni. Nikamwambia yote, nikategemea kofi. Mama akaweka sufuria chini.

"Ulimwambia gari liko kimya?"

"Ndiyo."

"Baba yako hasikii sauti nyembamba. Mwaka wa sita huu. Mazungumzo anasoma midomo. Unadhani kliniki anakwenda kufanya nini?"

Nikakaa kwenye sakafu.

Kumbe hakuwa ananipima. Miaka yote hiyo sita, kila alipouliza "unasikia nini," alikuwa anauliza kweli. Masikio ya dhahabu yalikuwa yangu. Aliona aibu kusema, na akaogopa kwamba nikijua mimi ni fundi, nitaondoka nimwache kwenye ukimya wake.

Siku ya tatu kaka akanikabidhi begi langu getini.

"Uliniahidi," nikasema.

"Uliyemuuza baba yako, mimi utanibakiza? Nenda, dada."

Nikachukua begi, maana alisema kweli.

Sasa nipo gereji nyingine, kila mtu ananiita fundi. Nalichukia neno hilo. Mwenzangu unayesoma, kama kuna mzee anakuuliza swali lilelile kila siku, usiharakishe kudhani anakudharau. Huenda ndiyo namna yake ya kukushika mkono.

Jumapili nilikaa na baba uani. Gari likapita njiani, linalia vibaya sana.

Nikamgusa bega anitazame. "Baba, difu ile. Linalia wakikanyaga."

Nilitaka aniulize tena. Hata mara moja tu.

Akaangalia midomo yangu mpaka nikamaliza, kisha akageuka upande wa ukuta.

"Mimi sijui," akasema. "Uliniambia liko kimya."