Nyayo za Upande Mmoja

Unyayo wa kwanza Mama Alama aliuona mchana kweupe, kwenye ujia mwembamba unaotoka bafuni kwenda kwenye karakana ya mumewe. Sakafu ile alikuwa ameipiga deki mwenyewe na kuiacha ikakauka. Sasa ilikuwa na maji tena, maji yenye umbo la vidole vya mguu mtupu.

Mtu mwingine angepitisha tambara na kuendelea na shughuli zake. Mama Alama alichuchumaa. Alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu, na jina hilo la utani alipewa kituoni kwa sababu ya wimbo wake mmoja usiokwisha, kwamba hakuna mtu anayepita mahali asiache alama. Kazi hiyo aliipenda tangu utotoni, aliposoma vitabu vya upelelezi mpaka majalada yakabanduka, vile ambavyo bwana mmoja mwenye macho makali anatazama tope la kwenye soli na majivu ya sigara, kisha anakwambia umetoka wapi na umegombana na nani. Wenzake walimcheka. Waliacha kucheka alipoanza kuwataja wezi kwa kutazama tu visigino vya viatu vyao vilivyolika.

Nyayo zilitoka bafuni, zikafuata ukuta, zikaishia mlangoni kwa karakana. Zote zilielekea upande huo. Hakuna hata mmoja uliorudi. Na vidole tu ndivyo vilivyokanyaga, kisigino hakikugusa, kama mtu anayenyata.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa ameinamia meza yake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa ya mkononi ya mteja imefunuliwa tumbo mbele yake.

"Nani kaingia humu?" Mama Alama akauliza.

"Umeingia wewe."

"Kabla yangu."

"Kabla yako ameingia nzi, nikamfukuza."

"Hebu vua kiatu, Baba."

Fundi Saa akacheka, akavua. Soksi zilikuwa kavu, na mguu wake ulikuwa bapa kama mwiko. Haukuwa mguu wa kunyata kwa vidole kama ule wa kwenye ujia.

Jambo la kwanza alilolifikiria Mama Alama ni mwanamke. Alilitupa wazo hilo upesi, maana mwanamke wa kumnyatia mzee mwenye mafua yasiyoisha, anayeongea na springi zaidi kuliko anavyoongea na watu, angekuwa na shida zake binafsi. Lakini siku zilizofuata nyayo zilirudi, kila mchana watu wanapojilaza kidogo baada ya chakula, na pamoja nazo ikaja harufu ya udongo mbichi, kama shimo limechimbwa chumba cha pili. Halafu zikafuata saa. Karakana ile ilikuwa na saa za ukutani, za mezani na za mkononi, kila moja ikigonga kwa mwendo wake, na kelele zile mchanganyiko Mama Alama alizizoea kama mtu anavyozoea mvua ya kwenye bati. Mchana mmoja akiwa jikoni alisikia zimekubaliana. Zote ziligonga pamoja, pigo moja, taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Alipofungua mlango wa karakana zikavurugika tena.

Akatega mtego. Alinyunyiza unga wa ngano kwenye ujia na karakana, akafunga uzi mweusi mwembamba kwenye kila mlango na kila dirisha, kisha akamchukua mumewe wakaenda kula kwa wifi yake, dada wa Fundi Saa, mtaa wa pili. Waliporudi, nyuzi zote zilikuwa nzima. Na unga ulikuwa umekanyagwa. Safari hii visigino vilikuwepo. Nyayo zilianzia ukutani, pasipo na mlango, zikafika kwenye kiti cha Fundi Saa, na hapo miguu miwili ilikuwa imesimama sambamba, imezama kwenye unga, kama ya mtu aliyesimama muda mrefu akimtazama aliyeketi. Kiti chenyewe kilikuwa kitupu mchana huo wote.

Mama Alama alipiga magoti, akapima unyayo kwa kiganja chake. Nyuma yake akamsikia mumewe akishusha pumzi na kuketi chini.

"Nimechoka ghafla," Fundi Saa akasema. "Sijui nimechokea nini."

Tangu siku hiyo alianza kupungua. Mikono iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga ikaanza kutetemeka. Hospitali walimpima kila kinachopimika wakasema ni mzima. Akaacha kula, akaacha kujibu anapoitwa, na mkewe alipomletea uji alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye jina lake limempotea.

"Wifi, hili si la hospitali," dada yake akanong'ona mlangoni. "Niruhusu nimlete mganga."

"Wifi yangu, mimi nimekamata wezi na wauaji. Sijawahi kumtia jini pingu."

"Na huyu unayemfuatilia humu ndani ni nani?"

Mama Alama akafanya kile alichokijua. Mchana uliofuata alivuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, meza katikati yao, kama alivyoketi mbele ya watuhumiwa maisha yake yote.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Saa zote zikaanza kugonga pamoja. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Fundi Saa, ila midomo ilichelewa kidogo, ikaifuata sauti nyuma.

"Niliyeitwa."

"Nani alikuita?"

"Wewe. Kila mchana ulikaa pale kwenye ujia ukauliza. Hakuna aliyekuwa anakujibu. Nikaja mimi."

Ni kweli Mama Alama aliuliza. Mtoto wao wa pekee, wa kike, alitoka kuoga mchana mmoja akiwa mdogo wa kuanza shule, akapita kwenye ujia ule na maji mwilini, na hakuonekana tena. Kesi za watu alizifumbua. Ya kwake ilimshinda. Miaka ilipita, na kila mchana, nyumba ikiwa kimya, aliketi pale sakafuni akauliza kwa sauti ya chini, ulipita wapi mwanangu, na mumewe karakanani akisikia alikuwa akigonga kazi yake kwa nguvu zaidi ili asisikie.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Unanitazama, naongezeka. Nilikuja na vidole tu. Umenitegea unga, nimepata kisigino. Kinachoongezeka kwangu lazima kitoke mahali, na yeye ndiye aliye karibu." Mdomo wa Fundi Saa ukatabasamu, ukachelewa kuacha. "Endelea. Limebaki swali moja, na jibu lake ninalo."

Kitu kikachuruzika kwenye ujia. Mama Alama aligeuza shingo kabla hajajizuia. Palikuwa na unyayo mpya wenye maji, mdogo, wa mtoto, na kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, kama kilivyokuwa kwenye mguu alioukausha kwa taulo mara zisizo na idadi. Nyuma yake mumewe akaanguka kutoka kitini bila kelele, mwepesi kama nguo.

Alikimbia peku mpaka kwa wifi yake, na neno alilolisema ni moja tu: "Mlete."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba mkoba wa plastiki, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kwenye kazi nyingine nzito. Hakuuliza mengi. Alisimama mlangoni kwa karakana, akanusa, akamtazama Fundi Saa aliyelazwa juu ya mkeka, ngozi imemshika mifupa.

"Kiumbe hiki kinakula kutazamwa," akamwambia Mama Alama kwa sauti ya chini. "Mimi nitasoma dua. Wewe utachukua ndoo na tambara, utafumba macho, na utafuta kila unyayo uliomo humu kwa mkono wako, maana ni wewe uliyeusoma. Usitazame. Usijibu. Na tukishaanza, usiulize, leo wala siku nyingine yoyote ndani ya nyumba hii. Ukiuliza neno moja, huyu hutamrudisha."

"Na kama kweli kinajua alipo mwanangu?"

Mganga akaufungua mkoba wake. "Huenda kinajua. Sikukwambia kwamba kinaongopa."

Wifi yake akamshika bega, akaliachia. Mama Alama akamtazama mtu aliyekula naye, aliyelia naye, aliyegonga saa za watu miaka yote hiyo kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kulia, kisha akalowesha tambara na kufumba macho.

Akaanza na nyayo kubwa, akizitafuta kwa viganja, na kila alipofuta mmoja sakafu ilitoa baridi iliyompanda mpaka mabegani, huku sauti ya mganga ikisoma na saa zikigonga kwa pamoja, juu zaidi, haraka zaidi, mpaka hakuweza tena kutofautisha kati ya saa na moyo wake mwenyewe, naye akaendelea kutambaa, kutoka karakanani mpaka kwenye ujia, mpaka kiganja chake kikakuta kitu ambacho hakikuwa baridi, unyayo mdogo, wenye joto, wenye maji ya kuoga na harufu ya sabuni, na juu ya kichwa chake, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba pumzi ilimgusa nywele, sauti ya mtoto ikasema bila kulia, kama mtu anayeomba maji, mama, niulize nilipita wapi, niulize tu mama, mara moja, nitakwambia, si mbali, na yeye akajaza mtandio wake mdomoni akauma mpaka akasikia ladha ya damu, akafuta unyayo ule, akasogea, akakuta mwingine, nao una joto, akaufuta, na sauti ikamfuata ikisema mama mbona unanifuta, mama mimi bado nipo hapa, mpaka tambara likagonga kizingiti cha bafu na pakawa hapana unyayo mwingine wa kufuta.

Kimya kikatanda. Kisha, karakanani, saa moja ikagonga, nyingine ikachelewa, nyingine ikawahi.

"Fumbua macho," mganga akasema. Alikuwa ameketi chini, jasho linamtiririka. "Kimetoka. Kumbuka nilichokwambia."

Ilichukua muda Fundi Saa kupata nguvu. Alianza kwa kuita maji, halafu akamwita dada yake kwa jina, halafu mkewe, na Mama Alama alitoka nje akalia nyuma ya nyumba pasipo mtu. Harufu ya udongo ikaisha. Ujia ukabaki mkavu. Wifi yake alikuja kila siku, akipika na kuwasimulia mambo ya mtaani kwa kirefu, na Mama Alama alijifunza kuzungumza bila kuuliza. Husemi umelalaje, unasema naona umelala vizuri. Wifi aliligeuza kuwa mchezo, wakacheka kidogo.

Mchana mmoja, Mama Alama akimlisha uji, Fundi Saa alimshika kifundo cha mkono.

"Nilimwona," akasema.

Mama Alama akakitua kijiko.

"Kule nilikokuwa. Alinishika mkono, amekua kidogo. Tulikuwa tunakuja wote wawili, tumefika karibu kabisa na nyumba, naona mpaka rangi ya mlango. Akaniambia tusimame hapa, baba. Mama akiuliza tu, mlango unafunguka." Macho yake yalijaa maji. "Tukasimama. Halafu mimi nikavutwa, mkono wake ukaniponyoka."

Akamtazama mkewe usoni, akisubiri. Hakuna aliyekuwa amemwambia masharti ya mganga. Mama Alama alihisi swali limemjaa kifuani, limepanda kooni, limefika kwenye ulimi, neno fupi ambalo mama yeyote angelisema. Midomo yake ikafunguka.

Bafuni, bomba lililokuwa likidondoka tangu asubuhi likaacha kudondoka, kama vile huko nako kuna mtu aliyezuia pumzi ili asikie vizuri.

Mama Alama akafunga mdomo. Akachota uji, akaupuliza, akausogeza kwenye midomo ya mumewe.

"Kula," akamwambia. "Unapoa."