Visu Visivyo na Mipini

Zama zile nchi ya Usenda ilipokuwa na lango moja tu upande wa machweo, kila msafiri aliijua sheria yake: chuma kisicho na mpini ni bidhaa, chuma chenye mpini ni vita. Bidhaa ililipiwa hongo, ushuru wa njia, ikapita. Visu vilitakiwa vifike butu, vimefungwa kumi kumi kwa magome ya mti, na mipini ibaki huko huko vilikofuliwa.

Kasanda, mhunzi wa Ilwanda, alifika langoni siku ya ishirini ya safari, na mapagazi sita na visu mia mbili. Moyo wake ulikuwa umeshatangulia Bugomba, ng'ambo ya Usenda, ambako binti yake Nsalu alishikwa mateka tangu mavuno. Mtemi wa huko alitaka visu hivyo kabla mwezi haujaandama. Visipofika, Nsalu angeuzwa kwa misafara ya mbali, na hakuna mzazi aliyewahi kumfuata mwana huko akarudi naye.

Lakini wahunzi wa Ilwanda walikuwa na lao. Hawakutoa chuma kiwandani bila "mama": kisu kimoja cha ziada hutiwa mpini, kikanolewa, kikaonjeshwa damu ya kuku, kisha kikafichwa katikati ya wenzake ili kiwaongoze njia. Mzigo usio na mama hupotea, ndivyo walivyoamini babu hadi mjukuu. Mke wa Kasanda alimsihi safari hii aache. Hakuacha. Sheria ya Usenda angethubutu kuivunja, mwiko wa babu zake hakuthubutu. Simcheki, maana kila ukoo una ujinga wake unaouheshimu.

Mlinzi wa lango alikuwa mwanamke, Nyanzala, amejifunga kaniki na kuvaa bangili za shaba hadi kiwikoni. Mumewe aliuawa kwenye lango hilo hilo, naye akashika mkuki wake. Alipekua bunda baada ya bunda bila haraka. Bunda la kumi na moja lilimkata kidole.

"Mhunzi," alisema, akikinyonya, "hiki kina mpini."

"Ni mila yetu, mama. Hakikukusudiwa kumdhuru mtu."

"Kimenidhuru mimi. Sasa sikiliza, sitarudia. Kikiwa cha mzigo, basi mzigo wote ni silaha. Tutautosa mtoni nanyi mtarudi kwenu salama. Kikiwa chako mwenyewe, mzigo ni bidhaa na utapita. Ila wewe umeingia Usenda na silaha, na mkono ulioishika tunaubakiza hapa."

Mkono wa kuume wa Kasanda ndio uliolisha nyumba yake.

"Ni changu," akasema.

Nyanzala hakufurahi. Mapagazi walikuwa wamekwisha kumwambia mzigo unakwenda wapi. "Huyo wa Bugomba visu mia mbili ni vya nini? Ana wapishi wangapi?"

"Sikumwuliza. Ana mwanangu."

"Mchuma janga hula na wa kwao."

"Najua, mama. Kateni."

Walikitwaa kisu, wakakata mkono kwa shoka, wakachoma jeraha kwa chuma cha moto. Mapagazi walimbeba kwa machela siku nne hadi Bugomba, homa ikimpanda na kushuka. Visu vilipokelewa. Nsalu alitolewa uani, akauona mkono uliofungwa magome, akaanguka miguuni pa baba yake akilia. Kasanda alimwinua kwa mkono uliobaki. Siku hiyo alikuwa na furaha, na hakuificha.

Msimu uliofuata, mtama ukiwa ghalani, watu wa Bugomba walishuka Ilwanda kwa njia ya milimani, isiyopitika na mizigo na isiyogusa lango la Usenda. Walikuwa mia mbili. Visu vyao vilikuwa na mipini mipya ya mpingo, na Kasanda alivitambua tangu mbali, kwa maana kila mhunzi huijua kazi yake. Alisimama mlangoni mwa kiwanda akiwa na nyundo katika mkono wa kushoto, mkono ambao haukujua kazi. Hapo ndipo alipofia.

Wazee wa Usenda husimulia kwamba hakuna silaha iliyowahi kupita lango lao, na hawasemi uongo. Habari za Ilwanda hawana, kwa sababu aliyesalia wa kuzisimulia alikuwa Nsalu, naye safari hii waliomteka hawakudai fidia. Walimuuza mbali.